Kilima kile na konde la dengu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na majukumu ya wiki. Juzi usiku hapa Newala vijana wangu walileta flashi ina picha la vita, haya ya kutafsiriwa, askari wa Marekani wanalinda kilima huko Korea, nikasema naangalia dakika 10 tu nikalale, wapi, nilikaa mpaka mwisho. Wanapigwa mabomu usiku kucha wamejibanza kwenye mahandaki, na kilima chenyewe kichuguu tu, hasa kwa sisi tuliozoea kusimama juu pale ukingoni Shimo la Mungu tukaona bonde lote la Ruvuma.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba kilima hicho kipo kweli, kinaitwa Pork Chop Hill. Mwaka 1953 walikifia mwezi wa nne, wakakifia tena mwezi wa saba, huku wakubwa wako mezani kijiji cha Panmunjom hukohuko Korea wanajadiliana kumaliza vita, halafu tarehe 11 ya huo mwezi wa saba Wamarekani wakakiacha wakashuka zao. Mkataba wa kusimamisha vita ukasainiwa tarehe 27. Siku 16 tu jamani!

Sasa fungua 2 Samweli 23:11-12, yupo mtu anaitwa Shama, wenzake wote wamekimbia Wafilisti yeye kasimama katikati ya konde la dengu analipigania. Dengu! Sio hekalu, sio sanduku la agano, ni mboga ya watoto wa watu, na Bwana akaleta wokovu mkuu hapohapo kwenye dengu.

Mimi nina kilima changu, mikorosho sita ya mpakani na kaka yangu, tena mizee hata haizai vizuri, mwaka wa tatu huu hatusalimiani, nimeita wazee, nimepima kwa kamba, mpaka msibani tunakaa pande tofauti. Na konde langu la dengu je? Ibada ya jioni na wanangu niliiacha tangu tuanze kupulizia mikorosho dawa ya salfa, eti nimechoka, na hakuna Mfilisti hata mmoja aliyenikimbiza, niliondoka mwenyewe kwa miguu yangu.

Jana jioni tumeimba pambio moja, mdogo akasinzia katikati, sawa tu. Kaka nimempigia mara mbili hajapokea, leo nikitoka kanisani nitapita kwake, mniombee maana ana mbwa wawili na wote hawanijui siku hizi.