Tajiri Kaibiwa Garini, Nani Anacheka?

Habari ikitua kwenye baraza la kahawa Ngamiani kwamba bwana fulani kavunjiwa kioo cha V8 na begi limeondoka, hakuna anayeuliza kama kaumia. Swali la kwanza ni "begi lilikuwa na nini?" Akitokea wa kujibu kwamba lilikuwa na milioni ishirini taslimu na laptopu mbili, basi tena. "Kwani gari lake benki?" "Hizo kazitoa wapi?" "Kwake yeye hiyo nauli ya bodaboda tu, kwa tajiri si wizi." Wa kusema "maskini, pole yake" hakosekani, ila hasikiki kwa vicheko.

Wala si tabia ya Tanga peke yake. Agosti 2014, jijini Paris, majambazi wenye silaha waliuvamia msafara wa magari ya mwanamfalme wa Saudia wakaondoka na takriban euro 250,000. Novemba 2016, wanawake wawili wa Qatar waliporwa ndani ya Bentley karibu na uwanja wa ndege wa Le Bourget, mali iliyokadiriwa kufika euro milioni 5. Aprili 2024, Adam Schiff, mbunge wa Marekani aliyekuwa akigombea useneta, aliibiwa mabegi garini San Francisco, akaenda kwenye chakula cha jioni cha kampeni bila suti, na wapinzani wake wakapata la kusema. Afrika Kusini nako, fedha za kigeni ziliibwa mwaka 2020 katika shamba la Rais Ramaphosa la Phala Phala. Zile zilikuwa kwenye kochi, si garini, lakini mkondo wa maneno ulikuwa uleule: habari ilipofumuka 2022, watu walijadili dola 580,000 zilikuwa zinafanya nini ndani ya kochi. Mwizi akatoka kwenye mazungumzo.

Hilo ndilo linaloniudhi katika vicheko hivi. Mwenye mali anachambuliwa, mali inahesabiwa, na aliyevunja kioo anapita zake kama hakuwepo.

Swali la "kazitoa wapi" si baya. Kwa kiongozi wa umma ni halali kabisa, na lina mahali pake: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka atoe tamko la mali na madeni yake, na kila mwaka mwisho ni Desemba 31. Muulizeni huko. Likiulizwa juu ya vipande vya kioo, linazaa kitu kingine: mwenye mali anadanganya polisi. Begi lilikuwa na milioni ishirini, yeye anaandikisha laki tano ili mtaa usimseme. Wiki mbili baadaye anakamatwa kijana na milioni kumi na nne, na maelezo ya mlalamikaji yanasema laki tano. Zile nyingine ni za nani? Wakili wa mshtakiwa hahitaji swali la pili. Anayeongeza kiasi ili adai zaidi kwenye bima naye anajikwaa palepale. Kituoni sema kiasi halisi, noti za thamani gani, zilifungwaje, na kama zilitoka benki peleka karatasi ya kutolea fedha. Soma maelezo yako yote kabla ya kutia saini.

Tena kicheko chenyewe hakimuumizi sana tajiri. Kinamuumiza dereva. Baraza likishamaliza utani linatoa hukumu: "Huyo dereva wake anajua." Na mara nyingi ndiye wa kwanza kuhojiwa, na wa kwanza kufukuzwa kazi. Pale begi linapoondoka bila kioo kuvunjwa, huo ndio ushahidi wanaoutegemea: mlango ulifunguliwa na mtu wa ndani. Hoja hiyo ni dhaifu. Rimoti ya gari inazungumza na gari kwa mawimbi ya redio, na yapo mashine madogo yanayovuruga mawimbi hayo. Dereva anabonyeza huku akitembea, haangalii nyuma, gari halikupokea amri, milango imebaki wazi. Mwizi anafungua kama mwenye gari, anachukua, anafunga taratibu. Dawa yake ni kusimama karibu na gari, kubonyeza, kusikia loki zikigonga, taa zikipepesa, kisha kuvuta kitasa kwa mkono. Vuta na wa nyuma pia. Rimoti peke yake si ushahidi kwamba umefunga.

Dereva mwenye akili hakubali kuachiwa mzigo asioujua. Bosi akishuka Soko la Mgandini au mbele ya benki na kusema "kaa na gari", mwambie waziwazi: "Bosi, kama kuna fedha kwenye begi shuka nazo, au niambie nisitoke kabisa." Ukiambiwa usitoke, usitoke hata kununua maji. Ukilazimika kutoka, mpigie kwanza, simu ibaki na saa ya mawasiliano. Begi lihamishiwe kwenye buti kabla ya kufika, si pale unapoegesha, maana anayetafuta begi anaangalia nani anafungua buti akiweka kitu na kuondoka. Hata tinti haisaidii kama wengi wanavyodhani: mtu akiweka tochi ya simu kwenye kioo anaona kiti kizima. Na tinti nyeusi tii inamficha mwizi pia akishaingia.

Kioo kikivunjwa, kuna mambo watu huyaharibu kwa haraka. Kioo cha mlangoni kimekazwa kwa joto, ndiyo maana kikivunjika kinamwagika punjepunje kama chumvi ya mawe. Cha mbele kina tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, kinapasuka lakini hakianguki, kwa hiyo wezi hawahangaiki nacho. Kabla ya kufagia, piga picha: gari zima na namba yake, mlango, kiti, na chini barabarani. Punje nyingi zikiwa ndani, kioo kilipigwa kutoka nje, na hilo linamsaidia dereva. Usipapase mlango wala droo ya dashibodi mpaka polisi waamue kama wanataka alama za vidole.

Na usibonyeze swichi ya kioo. Punje zimeshuka tumboni mwa mlango, zimekaa kwenye reli na kwenye waya wa mashine ya kioo. Ukibonyeza, waya unakwama au unakatika, na mota inaweza kuungua. Sasa umeibiwa begi na umejiongezea pawa windo. Fundi afungue kava la mlango, anyonye punje kwa mashine ya vumbi, apitishe mkono wenye glavu, kisha aangalie vitundu vya kutolea maji chini ya mlango. Vikizibwa na vioo maji yanatuama, na kwa hewa yetu ya chumvi kutoka Raskazone hadi Chumbageni, mlango unaanza kuoza kutokea ndani. Ukisubiri kioo kipya, ziba kwa nailoni inayopita juu ya fremu, ufunge mlango juu yake ibanwe. Usigandishe selotepu kubwa kwenye rangi, maana jua likiipiga siku mbili inatoka na rangi. Kile kioo kidogo cha pembetatu cha nyuma, kama kimegandishwa kwa gundi, gundi iachwe ikauke. Usikimbilie kuosha gari siku hiyohiyo.

Bima kubwa kwa kawaida inahusu gari na vioo vyake, pengine kwa kikomo. Begi na laptopu ni habari nyingine: mikataba mingi haivigusi au inavipa kiasi kidogo. Soma mkataba kabla hujamwambia mtaa kwamba "bima italipa". Bima ndogo haihusiki hapa.

Simu ikiwa imekwenda na begi, ianze yenyewe kabla ya mengine yote, kwa sababu ndani yake kuna pesa. Azima simu, piga 100 ya mtandao wako, funga laini pamoja na akaunti ya fedha, halafu benki, halafu badilisha nywila ya barua pepe. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe, tarakimu 15, unaipata mapema kwa kupiga *#06#. Iandike mahali nje ya simu. Kituoni unachotaka ni RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Wapo wanaochukua taarifa ya upotevu kwa sababu ni rahisi, lakini hiyo inasema kitu kimepotea. Kilichoibwa kiandikishwe kuwa kimeibwa, la sivyo hakuna kesi ya kufuatilia. Taarifa ya upotevu utaihitaji baadaye kwa vitambulisho, ukiambiwa.

Turudi kwa wanaocheka. Asubuhi mtu anacheka kwamba Prado ya fulani imenyofolewa saiti mira zote mbili, jioni anaulizia saiti mira ya mkononi kwa bei ya kutupa. Kioo kile kina soko kwa sababu yeye yupo. Saiti mira iliyofunguliwa na fundi kutoka gari bovu inakuja na soketi yake nzima. Iliyoibwa mara nyingi waya zimekatwa, maana mwizi hana muda wa kufungua kava la mlango. Angalia pia kioo kama kimesuguliwa pale palipochorwa namba ya gari. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ya kutupa nayo inaweza kuwa sehemu ya sababu hiyo. Kuchora namba kwenye vioo na taa kunapunguza thamani yake sokoni, ingawa hakumzuii asiyejua kusoma gizani. Kupiga ribiti kunamchelewesha zaidi, ila siku kioo kikipasuka chenyewe utamlipa fundi muda mrefu wa kuzitoboa.

Kuna jambo jingine lisilonielea. Baraza lilelile lililosema "kwa tajiri si wizi" likisikia "mwizi!" kwenye uchochoro, kijana aliyekwapua simu ya laki moja anapigwa mpaka roho inatoka. Kwa wa kwanza mwizi hayupo, kwa wa pili hastahili hata mahakama. Anayeua kwa kipigo anashtakiwa kwa kuua, na umati haugawani kifungo. Piga 112, mshikeni, basi.

Mwenye duka mwenye kamera ndiye shahidi anayepotea kirahisi kwa vicheko hivi. Anaona tukio kwenye skrini, anajisemea "atajijua mwenyewe na hela zake", ananyamaza. Mashine nyingi za kamera diski ikijaa zinarekodi juu ya picha za zamani, zingine ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo muombeni siku ileile, kwa adabu, na asiende mwenye gari akifoka. Linganisheni saa ya kamera na saa ya simu, muandike tofauti, kwa kuwa saa ya kamera nyingi haiko sawa. Nakilini kuanzia nusu saa kabla ya gari kuegeshwa, maana hapo ndipo anapoonekana aliyekuwa akizunguka, mpaka nusu saa baada ya tukio. Rekodi ya awali ibaki kwenye mashine mpaka mpelelezi aione, na kwenye karatasi yaandikwe jina la aliyenakili, tarehe na saa, kwa sababu mahakamani wataulizwa flashi ile ilipita mikononi mwa nani.