Chai ya ladha ikishapoa

Kipupwe kimeingia Dar na jioni upepo wa kusi unafika mpaka huku kwetu Sinza. Huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote, maana mtu anaweza kukaa barazani na kikombe cha moto bila kujifuta jasho. Nimeutumia kufanya jambo nililolitamani muda mrefu: kununua chai za ladha mbalimbali, nyingine supamaketi, nyingine Kariakoo, nyingine kuletewa na ndugu wanaosafiri, na kuzionja kwa makini moja baada ya nyingine.

Sukari niliiweka pembeni. Nimelelewa kwenye chai tamu na bado naipenda, lakini sukari hufunika mambo mengi. Kisha nikajiwekea utaratibu wa kunywa nusu kikombe ikiwa ya moto na kuiacha nusu ya pili ipoe kabisa. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyoniamulia karibu kila kitu. Chai ikiwa ya moto, mvuke unapanda puani na harufu zake zote, na pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi tunayodhani ni ya ulimi. Ikipoa, mvuke haupo tena, na unabaki na kile kilichoingia kweli kwenye maji.

Chai za matunda ndizo zilizoanguka mapema. Ukifungua pakiti ya stroberi au pasheni, jikoni kote kunanukia peremende. Ukinywa, unapata chai nyepesi ya kawaida, na ikipoa huipati hata hiyo. Pasheni zimejaa sokoni. Kamua mbili kwenye chai ya rangi iliyopoa, chuja mbegu, na utapata kinywaji ambacho pakiti haiwezi kukupa. Hizo za pakiti sitazinunua tena.

Kabla sijafika mbali, nilibaini kwamba maji yana usemi mkubwa kuliko nilivyodhani. Kisima chetu kina chumvichumvi, kama visima vingi vya jiji hili. Nilipopika chai ileile kwa maji ya kisima na kwa maji ya bomba yanayotoka Ruvu, zilikuwa chai mbili tofauti. Ya kisima ilikuwa nzito, imefifia harufu, na juu imeweka utando. Kwa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi hutajali, lakini chai laini ya maua ukiipikia maji ya chumvi umeipoteza. Tangu hapo nimetenga ndoo ya maji ya bomba kwa ajili ya chai tu.

Earl Grey, chai nyeusi iliyotiwa harufu, ilinipa taabu, kwa sababu nilitaka kuipenda. Harufu yake inatokana na mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Mama alikuwa amekuja kututembelea siku niliyoifungua. Nikampa kikombe, akanusa, akakiweka mezani.

"Mwanangu, hii umeitia marashi?"

"Hapana mama, ndivyo inavyouzwa."

"Basi mimi nipikie ya iliki."

Nilielewa anachosema. Kwa pua iliyozoea Pwani, ile harufu ni ya kujipaka. Ila nikiinywa bila maziwa, ikiwa vuguvugu, kuna uchungu mwembamba wa ganda unaonivutia. Nikajaribu kuuleta kwa njia yetu: nilikwangua ganda la kijani la ndimu kwenye chai ya rangi, bila kutia maji ya ndimu. Ilitoka nzuri ajabu. Ukitia maji ya ndimu chai inapauka na kuchachuka, nayo ni chai nyingine kabisa, nzuri kwa mwenye mafua, lakini siyo niliyokuwa naitafuta.

Sasa iliki, ambayo mama aliiomba na ambayo naweza kuizungumzia mpaka usiku. Iliki nyingi ya Tanga inalimwa kivulini chini ya miti ya misitu ya Usambara Mashariki, jirani na mashamba ya chai ya Amani, ambako Wajerumani walipanda chai mwanzoni mwa karne ya 20. Vitu hivi viwili vimekua mlima mmoja kabla ya kukutana kwenye sufuria zetu. Nilinunua pakiti ya chai iliyokwisha kuchanganywa na viungo kiwandani, nikaipika sambamba na chai ya majani ya Mufindi niliyoitia iliki ya Kariakoo, ya maganda, iliyotwangwa papo hapo. Ya pakiti ilikuwa na ukali wa tangawizi na joto la pilipili manga, lakini iliki sikuiona. Siwalaumu watengenezaji. Mafuta ya iliki yamo ndani ya zile mbegu nyeusi zinazonata, na ukishazisaga yanaanza kuondoka. Unga uliokaa miezi dukani umebaki na vumbi.

Kwa hiyo nunua iliki ya maganda, ya kijani, iliyojaa. Ibonye kwa vidole: ikiwa laini na tupu, iache. Itwange pamoja na ganda lake, itie kwenye maji ya baridi na uyachemshe nayo, maziwa yafuate, majani yawe ya mwisho. Watu wengi hutupia majani kwanza na kuyachemsha mpaka yanatoa uchungu, ndipo wakumbuke viungo. Maziwa yenye mafuta yake yanaishika iliki vizuri kuliko maji matupu, na ndiyo maana chai hii ukiiacha kwenye chupa tangu alfajiri, saa nne bado iko hai. Nusu kikombe chake kilichopoa nilikinywa na kitumbua kilichobaki, na hakikupungukiwa na kitu.

Choya sijui kwa nini tunaitumia kidogo hivi. Maua yake mekundu yaliyokauka yanapatikana Kariakoo kwa wauza viungo, na hata kwenye pakiti nyingi za nje zinazoitwa chai ya matunda, wekundu na uchachu unatoka humo. Sio jani la chai, haina kafeini, na haitaki moto mwingi. Mimi nairoweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida pamoja na kipande cha mdalasini. Asubuhi ni nyekundu iliyokolea, chachu, safi. Maziwa usiyakaribishe, yatakatika. Rooibos ya Afrika Kusini, ambayo nayo si chai bali kichaka cha milima ya Cederberg, niliipata ya kiungwana: hata uisahau kwenye birika haichachi wala haitoi uchungu. Mume wangu ameichukua iwe yake ya usiku. Kamomaili, chai ya maua, niliinywa, nikalala.

Iliyobaki ni ile iliyonishika moyo, chai ya kijani ya asumini.

Niliifungua jioni na moja kwa moja nikamkumbuka bibi na vikuba vyake, asumini na mrehani vilivyofungwa pamoja na kuchomekwa kwenye nywele siku ya harusi. Nilihofia itakuwa kama zile za matunda, harufu bila mwili. Nilichemsha maji, nikayaacha yatulie dakika kadhaa kabla ya kumimina, kwa sababu chai ya kijani inataka maji ya nyuzi 80 hivi, na maji yanayotokota huitoa uchungu. Nilikunywa nusu. Nusu nyingine nikaiacha mpaka ikawa baridi kama maji ya mtungi, na asumini ilikuwa bado imo, tena imetulia, imeshikana na ule utamu wa majani.

Sababu yake iko kwenye namna inavyotengenezwa. Kule Fuzhou, mkoa wa Fujian nchini China, vitumba vya asumini huchumwa mchana vikiwa bado vimefumba. Usiku vinapofunguka hulazwa pamoja na majani ya chai, na majani huinywa ile harufu mpaka asubuhi. Maua huchekechwa na kutolewa, na chai nzuri hurudishiwa maua mapya usiku baada ya usiku. Jani lenyewe ndilo lililobadilika. Jani la chai lina tabia hiyo ya kupokea harufu ya chochote kilicho jirani yake, na tabia hiyohiyo ndiyo inayoharibu chai iliyohifadhiwa karibu na kitunguu saumu na binzari. Nimeshahamisha makopo yangu yote kwenye rafu ya peke yake.

Baada ya kuelewa hivyo, nilichukua ganda la vanila nililoletewa kutoka Bukoba, nikalipasua kwa urefu, nikalifukia kwenye kopo la majani ya Mufindi na kulifunga vizuri. Vanila ni kazi kubwa ya mikono: huku kwetu kila ua lazima lichavushwe na mtu, na hufunguka siku moja tu. Sikutaka kuichemsha na kuimaliza kwa sufuria moja. Majani yale sasa yana harufu ya chini, ya mbao na maziwa, isiyopiga kelele, na mama, ambaye aliisukuma Earl Grey mbali, aliomba kikombe cha pili na kuniuliza kama naweza kumfungia kidogo aende nayo Tanga.

Nimebakiza jaribio moja. Wifi yangu ana mwasumini mkubwa uani kwake Mbagala, na haupuliziwi dawa yoyote. Nimeshanunua chai ya kijani isiyo na ladha, ya kutosha kujaza nusu ya kopo. Ameniambia niende Jumamosi alasiri, maua yakiwa bado vitumba, na amesema nilale hukohuko ili tuyatoe pamoja asubuhi.