Mguu ulioziba, figo zilizochoka: mshipa bado unazibulika

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha kidole kisichopona, mguu wa baridi na eGFR (kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) ya 25 mara nyingi huambiwa kwamba mshipa wa mguu umeziba, na kwamba kuuzibua haiwezekani kwa sababu dawa ya rangi itammalizia figo. Kinachobaki ni kukatwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini uamuzi unaotokana nayo mara nyingi si sahihi. Mshipa unaweza kupanuliwa kwa puto kwa mililita chache sana za rangi, na wakati mwingine bila rangi kabisa.

Rangi yenyewe ni dawa yenye ayodini inayosukumwa ndani ya ateri ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Inapofika kwenye figo hubana mishipa midogo na kuumiza seli za mirija. Figo nzima huvumilia. Figo mbovu, tena katika mwili uliopungukiwa maji, huweza kuzidiwa: kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, hupanda ndani ya siku 2 au 3, hufika kilele siku ya 3 hadi ya 5, kisha kwa wengi hushuka tena. Wapo ambao haishuki.

Kwa hiyo rangi ihesabiwe kabla sindano haijaingia. Chukua namba ya eGFR iliyo kwenye majibu ya maabara. Mililita za rangi zisizidi mara 2 ya namba hiyo, na mara 3 ndiyo ukingo. Mwenye 25 basi apewe chini ya 50. Picha za miguu yote miwili zikipigwa bila kubana matumizi huweza kupita 100. Zinapunguzwaje? Ultrasaundi ya mishipa ifanyike kwanza, ijulikane palipoziba, ili upigwe mguu mmoja tu na sehemu ile tu. Katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, isogezwe karibu na palipoziba badala ya kumwaga rangi kutoka juu kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Hapo mililita 3 hadi 5, tena zilizochanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi, hutosha kwa picha moja.

Njia ninayoiona haitumiki inavyostahili ni hewa ukaa. Daktari Irvin Hawkins wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, aliiendeleza kuanzia miaka ya 1970. Gesi hiyo husukuma damu pembeni kwa muda mfupi, mashine ikachora nafasi iliyoachwa, kisha huyeyuka kwenye damu na kutoka kwa pumzi mapafuni. Haidhuru figo, wala haina mzio. Masharti yake ni makali. Haitumiki kwenye ateri za juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), yaani za moyo na ubongo. Mtungi hauunganishwi moja kwa moja na katheta, kwa sababu gesi iliyobanwa inaweza kuingia kwa wingi ghafla. Hupitishwa kwanza kwenye mfuko au mashine maalumu. Hewa ya kawaida isichanganyike nayo hata kidogo, kwani haiyeyuki upesi. Kati ya sindano na sindano hungojewa dakika 2 hadi 3. Mgonjwa akilalamika tumbo linauma sana, huenda gesi imenasa kwenye mishipa ya utumbo: sindano zisimame, ageuzwe upande. Gesi huelea juu, hivyo mguu huinuliwa kidogo ili ifike chini. Hata hivyo, chini ya goti picha huwa hafifu, na hapo ndipo zile mililita chache za rangi hutumika.

Kuhusu maji, dripu ya maji ya chumvi ya kawaida ndiyo kinga yenye maana: mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, saa 6 hadi 12 kabla na muda kama huo baadaye. Mwenye kilo 60 hupata 60 kwa saa. Moyo ukiwa dhaifu, daktari hupunguza, la sivyo mapafu hujaa maji. Asetilisisteini na dripu ya baikaboneti zilitegemewa kwa miaka mingi. Utafiti wa PRESERVE uliotoka 2018 haukuona faida yake. Kusafisha damu kwa mashine mara tu baada ya rangi nako hakuikingi figo.

Metformini, dawa ya kisukari, isimamishwe siku ya kipimo, isirudiwe hadi figo zipimwe baada ya saa 48. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo wengi hujinunulia dukani bila cheti, ziachwe siku kadhaa kabla. Kreatinini irudiwe baada ya saa 48 hadi 72. Ikizidi kupanda polepole kwa wiki kadhaa, na vidole vya miguu vikawa vya buluu, usiilaumu rangi: huenda vipande vya mafuta vimebanduka kwenye ukuta wa aota na kuziba mishipa midogo ya figo.

Jambo linalosahaulika ni mkono. Mwenye eGFR chini ya 30 huenda akahitaji fistula ya kusafishia damu, yaani ateri na vena za mkono zilizounganishwa, kwa hiyo katheta ipitie kinena, si ateri ya kifundo cha mkono. Damu ya vipimo na dripu zichomwe mgongoni mwa kiganja, na mkono usiotumika sana usichomwe kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuwaambia hivyo wauguzi, hata kama hakuna aliyemuuliza.