Bima ya mazao: uliza inapima nini kabla hujalipa

Mkulima akisikia "bima ya mazao" huwa anafikiri hivi: shamba likiharibika, mtu atakuja kulitazama, kisha fidia italipwa. Ipo bima ya namna hiyo. Lakini ipo nyingine ambayo hailitazami shamba lako kabisa, na malalamiko mengi huanzia hapo. Kwa hiyo, kabla hata ya kuuliza ada, muulize wakala: hii inapima nini?

Inayopima shamba lenyewe inategemea mtathmini wa hasara. Toa taarifa ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, maana ukichelewa dai linaweza kukataliwa hata kama hasara ni ya kweli. Usifyeke wala usiingize mifugo kabla hajafika. Tunza risiti za mbegu na mbolea, na uandike tarehe ya kupanda. Jua pia sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe: ikiwa ni asilimia 20 ya kima cha bima (kiasi cha juu kabisa unachoweza kulipwa), na hasara ikapimwa kuwa asilimia 50, utalipwa asilimia 30.

Bima ya fahirisi ya mvua, yaani inayolipa kwa kufuata kipimo cha mvua badala ya kulitazama shamba, hupima milimita tu, kwa setilaiti au kituo cha hali ya hewa. Chukua mkataba wa mahindi unaosema hivi: katika kipindi cha kutoa maua, fidia inaanza mvua ikiwa chini ya milimita 60 na kufikia kilele ikiwa 20. Zikinyesha 35, upungufu ni 25 kati ya 40, yaani asilimia 62.5. Ila kipindi hicho huenda kimetengewa asilimia 40 tu ya kima chote, kwa hiyo mkononi utapata asilimia 25. Wengi hawaelezwi hesabu hii, nami naona si haki kumuuzia mtu bima bila kumfanyia mfano kama huu kwenye karatasi.

Fahirisi hiyo haiwajui viwavijeshi, wala mvua ya mawe. Tena ukipanda wiki tatu baada ya wenzako, maua yako yatatoka wakati kipindi kinachopimwa kimeshapita. Kosa jingine ni dogo lakini linaumiza: kuandikishwa kwa mahali unapoishi badala ya mahali shamba lilipo. Ng'ambo ya kilima mvua inaweza kuwa nyingine kabisa.

Halafu kuna bima ya mavuno ya eneo. Hapa hupimwa vipande vichache vya mashamba, na wastani wake unakuwa wa wote. Wastani wa kawaida ukiwa kilo 2,000 kwa hekta na kinga ni asilimia 70, fidia huanza eneo likivuna chini ya kilo 1,400. Kipande cha mita 5 kwa 5 ni sehemu moja ya 400 ya hekta, hivyo kilo 3.5 za punje ni sawasawa na hizo 1,400. Sasa angalia unyevu. Punje hizo zikipimwa zikiwa na unyevu wa asilimia 25, ukizishusha hadi asilimia 13.5, unyevu wa mahindi makavu, zinabaki kilo 3.03 hivi, yaani takriban 1,210 kwa hekta. Bila kipima unyevu, maji yamehesabiwa kuwa mahindi na fidia imeyeyuka. Siku ya kukata kipande, wakulima wawepo, waone mzani, waone kipimo cha unyevu, na namba ziandikwe mbele yao.

Ukikopa pembejeo, soma makato yote. Huenda tayari una bima bila kujua, kwa kuwa ada imeingizwa ndani ya mkopo. Omba jina la kampuni, namba ya mkataba, na uulize nani analipwa kwanza. Kima cha bima kikiwa sawa na mkopo peke yake, fidia inaweza kuishia yote kwa mkopeshaji: deni litafutika, lakini mbegu za msimu ujao utazitafuta kwingine.