Kabla ya panga kuna maneno

Kwetu Ganze, mzee akiitwa mchawi hata kwa utani, mimi sicheki. Kaunti yetu ya Kilifi, hapa Kenya, imezika wazee waliokatwa mapanga kwa neno hilo, na ukifuatilia, mara nyingi utakuta kuna ugomvi wa shamba. Lakini panga huja mwisho. Hutanguliwa na miezi ya maneno, ndani ya nyumba ya mzee mwenyewe.

Baba mkubwa wangu ana mvi kichwa kizima. Nilipokwenda kumwona mwaka jana alikuwa haketi tena na wenzake chini ya mwembe. Nikimwuliza jambo, anamtazama mwanawe kwanza ndipo ajibu. Shuka niliyompelekea aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ataruhusiwa kuitumia. Mwilini hakuwa na jeraha. Mwanawe akasema mbele yangu, "Huyu anakula tu, hafi," na wajukuu wakacheka.

Hayo ni mateso. Kununiwa siku nzima, kusimangwa kwa sahani ya sima, kutishwa kufukuzwa, wageni kuzuiwa mlangoni. Pesa zake za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, zikiingia wanazila wengine. Akiuliza anaambiwa alipewa, amesahau. Ameambiwa hivyo mpaka anaiogopa akili yake mwenyewe. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sikugombana pale. Mimi ningeondoka, yeye angebaki nao. Nilimtoa kwenda kupimwa macho Kilifi, na njiani, tukiwa wawili tu, akafunguka. Nikamwuliza anataka nini. Hakutaka kuhama. Alitaka mwanawe asemeshwe na watu wazima.

Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyeita kikao, pamoja na mzee wa mtaa. Mwanawe aliambiwa waziwazi kwamba neno la uchawi likisikika nyumbani humo, shauri linakwenda kwa chifu na polisi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, nami nilikisoma pale pale kwa sauti. Ila kama maisha ya mzee yako hatarini, usingoje kikao. Mtoe usiku huo huo. Kaya Godoma, kituo cha kuwaokoa wazee huku huku Ganze, kimewahifadhi wazee waliokimbia makwao.

Ujumbe wa pesa sasa anasomewa na shangazi. Mwanawe bado hamsalimii asubuhi, na kwa hilo tumeitana tena mwezi ujao.