Boljointi kwenye Beetle ya 1963

Jana tumeshinda uvunguni mwa Beetle yangu ya 1963. Nilishanunua spea za kingpini, pini ya chuma ambayo gurudumu la mbele hugeukia, kufuatana na mwaka wake, zikakataa kabisa kuingia. Fundi akakwangua grisi iliyoganda kama lami, akapangusa kwa petroli, ikatokea raba nyeusi ya boljointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachofanya kazi hiyo badala ya kingpini. Nyingine chini yake! Volkswagen walianza kuziweka kwenye Beetle za modeli ya 1966. Kumbe aliyekuwa nalo kabla yangu aling'oa mhimili wote wa mbele akafunga wa gari la miaka ya baadaye. Kazi safi, nampongeza kwa dhati. Jamani, kabla hamjalipia spea fungueni tairi, safisheni, angalieni kwanza. Sasa natafuta boljointi nne, za juu zimelegea zote.