Gitaa la mtandaoni lilivyogoma masika, na nilivyolirudisha

Gitaa niliagiza mtandaoni kutoka duka la Uingereza, likafika Unguja salama, sauti tamu. Masika yalipokolea, nyuzi zikanyanyuka mpaka kuzibana ni kazi. Wenzangu wa maskani wakasema nimeuziwa mbao feki. Wapi! Mbao ilikuwa imekunywa unyevu: tumbo limevimba nyuma ya daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni, shingo imepinda kwa mbele.

Niliweka rula kwenye kipau cha 12, vile vichuma vilivyokatiza shingo. Uzi mnene ulikuwa milimita 4 juu ya kipau, 2.5 hivi ndiyo inayofaa. Nikaanza na unyevu: gitaa ndani ya kasha gumu, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo, hadi kikasoma chini ya asilimia 55. Tumbo likapungua. Ndipo nikaigusa shingo. Kwa kispana cha L nilikaza chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, robo mzunguko tu, kufuata mshale wa saa, nikaliacha likalala kabla ya kupima tena. Hapo usiwe na pupa, chuma kikikatika umekwisha.

Nyuzi nazo zilishaliwa na kutu ya hewa ya bahari. Nikaagiza zile zilizopakwa utando. Bei yake imechangamka, lakini zinadumu.